Mami Wata wa Iyi na mamba muntu wa kwetu: sadaka inakuliwa na nani?



Leo siandike juu ya mihogo wala juu ya mbolea. Nataka tuongee filme moja yenye ilinikamata tangu mwezi uliopita na mpaka sasa haijaniacha: Mami Wata, ya Mnaijeria C.J. Obasi, ule wanaita "Fiery". Ilitoka mu 2023. Niliipata ku fulashi ya rafiki, na maandishi ya kifaransa chini, juu mule wanaongea kiingereza cha pijini na kifon. Niliiangalia mara tatu. Mara ya kwanza kuranti ilikatika katikati, saa ile kabisa wanakijiji wanalalamika kama kwao hakuna kuranti. Nilicheka peke yangu mu giza. Kisha nikabakia pale nikijiuliza: ninacheka nani?

Kijiji kinaitwa Iyi. Usikitafute ku karta, hakiko. Obasi alikitunga, pembeni ya bahari, upande wa Afrika ya Mangaribi, na filme yenyewe aliipigia mu Benini. Mu Iyi hakuna shefu mwanaume. Kuko Mama Efe (anachezwa na Rita Edochie), njo anasimama kati ya watu na Mami Wata, mungu mwanamke wa mayi. Watu wanamuletea sadaka, yeye anaomba, anabariki, anaponya, anakata maneno. Ako na mtoto wa tumbo yake, Zinwe, na binti mwingine mwenye alikomalia mu mikono yake, Prisca. Zinwe anaamini na moyo yote. Prisca ako na mashaka, lakini anapenda ule mama. Kisha mtoto mmoja wa kiume anaugua ugonjwa wa virusi, na anakufa. Mama Efe hakuweza kitu. Kutoka pale kamba inaanza kukatika uzi kwa uzi. Kijana mmoja, Jabi, anaanza kuuliza kwa sauti maneno yenye wengine walikuwa wanasema chini chini: lopitali iko wapi? Masomo iko wapi? Barabara? Na siku moja bahari inatapika mwanaume mwenye hawamujue, Jasper, mwaasi mwenye alikimbia wenzake. Wanamupokea. Pale njo shida inaingia na miguu miwili. Mwisho siseme, mutaangalia wenyewe.

Nianze na kitu chenye hakuna mutu atabisha: macho. Filme yote ni nyeusi na nyeupe, na hapana juu ya kukosa franga za rangi. Mwenye alishika kamera ni Lílis Soares, mwanamke wa Brazili, na kazi yake ilipewa zawadi ya pekee ku Sundance mu Januari 2023, kisha ikapata zawadi ya picha ku FESPACO, Ouagadougou, mwaka ule ule. Mayi ya bahari usiku inakuwa nyeusi sawa mafuta ya motere, povu inakuwa nyeupe sawa chokaa, na mu uso wa wanawake madoadoa meupe yanawaka. Simbi mu nywele, shanga, nguo zenye michoro, vyote vinasema. Mimi nilizoea kufikiri kama filme bila rangi ni filme ya zamani. Hapa niliona kinyume: rangi ingeleta bahari ya karti postale, bluu na minazi. Bila rangi, mayi inabakia kitu chenye unaogopa kutia mguu.

Na hii ya kamera kushikwa na mutu wa Brazili, siiangalie kama bahati tu. Watu wenye walivukishwa bahari mu minyororo waliondoka na miungu yao ya mayi, na kule Brazili mpaka leo wanamuheshimu Yemanjá, wanamupelekea maua ku pwani. Mjukuu wa ule upande amerudia huku kushika picha ya mungu wa mayi. Pasipo mutu kutoa hotuba juu yake, ile safari iko mu filme.

Obasi tena si mgeni wa neno la mayi. Filme yake ya kwanza ndefu, Ojuju, ya 2014, ilikuwa juu ya kartie maskini ya Lagos yenye mayi yake ilichafuka, na wenye wanaikunywa wanageuka sawa wafu wenye kutembea. Wengine walisema ni filme ya kuogopesha batoto. Mimi mwenye nilisoma agronomi, na mwenye nimeona watu wanateka mayi chini ya mto wenye unapokea uchafu wa mine, siwezi kusema vile.

Sasa jina. "Mami Wata" ni pijini tu, mama wa mayi. Na picha yake yenye wengi wanajua, mwanamke wa nywele ndefu mwenye nyoka imemuzunguka mabega, ilichapwa Hamburg, mu Udachi, mu miaka ya 1880: ilikuwa picha ya mwanamke mwenye kuchezesha nyoka mbele ya watu wenye wamelipa tiketi. Baharia waliileta ku pwani ya Afrika, watu wakaiangalia wakasema: huyu tunamujua. Nasema hii juu kuko bandugu wenye watakuja kuniambia kama filme hii ni "utamaduni safi wa mababu", na wengine watasema ni "mashetani ya kigeni". Wote wawili wanaenda haraka. Nguvu za mayi zilikuwako mbele ya ile karatasi ya Hamburg. Karatasi ilizipatia tu uso mupya. Mungu wa mayi ni msafiri, na kila bandari anavaa kitenge ya pale.

Kwetu Katanga alivaa nini? Munajua. Alivaa saa ku mukono.

Kwa nkambo wangu, mu komini Kenya (Kenya ya Lubumbashi, bandugu, hapana ya Nairobi), kulikuwa tablo moja mu salo, juu ya radio. Mamba muntu. Mwanamke mweupe-mweupe, nywele mpaka mu kiuno, saa ku mukono, kitana, na kutoka kiuno kwenda chini, samaki. Nyoka pembeni. Nilikuwa na miaka sita au saba, na sikuweza kupita mule salo peke yangu kisha jua kuingia. Zamani, mu miaka ya 1960 mpaka 1980, ile tablo ilikuwa mu nyumba mingi za wafanyakazi wa Lubumbashi. Wapenta wa muji waliuzisha sawa mikate. Na hadisi yake kila mutu anaijua. Mwanaume anaokota uzi wa nywele ya mamba muntu, ao kitana yake. Usiku yeye anakuja kuuliza kitu chake. Wanapatana. Mwanaume atatajirika, lakini atanyamaza, hatagusa mwanamke mwingine, na siku moja atamupa mutu wa jamaa. Na wakati nyumba ya mwanaume fulani inapanda ngazi mbili na mtoto wake anakufa, kartie yote inaangaliana.

Angalia sasa tofauti, na hii njo sababu nilikamata kalamu. Mamba muntu wetu ni wa mutu mmoja. Ni kontra ya siri, kati ya mwanaume na mayi, usiku, na wenye kulipa ni jamaa yenye haikusaini. Mami Wata wa Iyi ni wa kijiji. Sadaka inatolewa mchana, mbele ya macho ya wote, na kila mutu ako na haki ya kuuliza: tulitoa, na imerudi nini? Kwetu swali ni "ule alikula nani?" Iyi swali ni "sadaka inakuliwa na nani?" Swali la kwanza linazaa masemi na chuki ya jirani. La pili linazaa siasa. Obasi alitoa mungu mke mu chumba cha kulala cha tajiri na akamurudisha mu kiwanja cha kijiji, kati ya watu. Kwangu hii peke yake inatosha kulipa saa mbili kasoro zenye nilikaa mbele ya kompyuta.

Lakini hatukuwa siku zote watu wa kontra ya siri. Wenye walikomalia upande wa Luapula na ziwa Moero wanajua hadisi ya Nachituti. Kaka yake, Nkuba, mukubwa wa Bashila, aliua mtoto wa Nachituti. Yeye akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba haki. Kazembe akakata kichwa ya Nkuba. Nachituti akamupatia Kazembe kikapo cha udongo na chungu cha mayi: maana yake, chukua inchi, chukua mito na maziwa. Mwanamke mwenye kulia mtoto wake njo anatoa mayi kwa utawala. Rudi sasa ku Iyi: mtoto anakufa, na kutoka ku kile kifo utawala wa mayi unageuka mukono. Sisemi Obasi aliisikia hadisi yetu. Nasema ule mwenye anatawala mayi, fasi yoyote, siku moja ataulizwa juu ya mtoto.

Na sasa niseme kama mutu wa agronomi, munivumilie kidogo. Ile woga ya mayi ilikuwa na kazi. Mu Luapula kulikuwa wenye mayi, watu wenye walifungua na kufunga uvuvi mu mabwawa, na sadaka ilitolewa mbele ya nyavu kuingia. Mpumbu, ile samaki yenye ilikuwa inapanda mto kwa makundi kwenda kuzaa wakati wa mvua, iliishi na watu miaka na miaka. Kisha mine zikafunguliwa, muji wa Elisabethville ukataka kula, wachuuzi Wagiriki wakakaa Kasenga kununua samaki na kuipeleka ku wafanyakazi. Bei ikaingia. Watu wakaweka nyavu kabisa mu njia yenye mpumbu inapitia kwenda kuzaa, na kabla miaka ya 1950 kuanza mpumbu ilikuwa imekwisha kuanguka, na haikurudia sawa zamani. Woga wa nyoka ya mayi haukushinda kilo. Nalaumu Obasi kwa neno moja hapa: bei haiko mu filme yake. Watu wa Iyi wanaishi ku bahari, lakini kamera haikai ku kazi yao. Nilitafuta mwanamke mwenye anapigana bei ya samaki, mutu mwenye wavu yake imepasuka na anakosa franga za kununua nyuzi. Mitumbwi inapita sawa mapambo. Na kila mutu amevaa vizuri sana, sawa siku ya ndoa. Kijiji chenye kinalalamika kama hakina kitu, mimi ningependa nione kwa macho chenye hakina, hapana kusikia tu.

Nilisema nitakuwa mfupi hapa, na tayari nimekosea. Lakini kuko neno lingine lenye linanisukuma, na hili ni langu.

Mu mwaka wa pili wa lisansi, juu ya memware, nilikaa miezi miwili mu kijiji kimoja pembeni ya Luapula, upande wetu wa Kongo. Kulikuwa chemchemi chini ya miti mikubwa, na mama mmoja mzee alikuwa mlinzi yake. Tulimwita Mama Mukubwa. Sheria zilikuwa mingi: usiingize chungu chenye masizi, usifue, usioge, usifike na viatu, usikate muti hata mumoja, usigombane pale. Mwenye atavunja, nyoka ya mule itamufuata mpaka mu ndoto. Mimi nilikuja na daftari yangu na kichwa yangu ya univerisiti, nikaandika "imani". Siku mingi zikapita, usiku moja nikaisoma tena ile orodha, nikaona kama imani na kitu kingine vilikuwa mule pamoja. Hakuna sabuni, hakuna nyama yenye kukanyaga, hakuna choo karibu, miti inabakia kushika udongo. Kama injinia wa mradi angeandika ile orodha, angeita "eneo la ulinzi wa chemchemi", angeomba dola elfu kumi na angeweka paneli. Mama Mukubwa aliweka nyoka. Nilimuuliza kwa nini asiseme tu kama ni juu ya usafi. Akanijibu: "Mtoto wangu, serikali iko mbali. Nyoka iko karibu."

Kisha kolera ikafika. Mtoto wa nyumba yenye nililala, miaka minne, akaanza kuhara mayi nyeupe sawa mayi ya mchele. Baba yake akakimbia kwa Mama Mukubwa na kuku. Mimi nilisema mu roho: sasa njo tutaona. Ule mama hakugusa ile kuku. Alisema: "Hii hapana yangu. Mupeleke ku dokta. Lakini mayi ya kumupa mu njia, muteke kwangu." Na akaenda mwenyewe, usiku, kufungua chemchemi. Tulichemsha, tukatia sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu ya kijiko mu litre moja, tukapanda kinga. Kituo tulichofika hakikuwa na serumu hata moja. Ile litre, na nyingine mbili zenye tulitengeneza pale, njo zilimushika mpaka asubuhi, wakati serumu ilifika na motere. Mtoto aliishi.

Ndiyo, naona mnataka nimalizie pale, niseme "munaona, babu zetu walijua". Lakini kuko upande wa pili. Wiki tatu kunyuma ya pale, mjane mmoja alilipishwa mbuzi, juu binti yake wa miaka tisa alifua nguo ku chemchemi. Mbuzi ilikuwa moja tu, hakukuwa ingine. Ule mjane aliileta mwenyewe na kamba, hakulia, aliangalia tu chini. Tuliikula. Mama Mukubwa alikula, wazee walikula, mimi mugeni walinipatia fasi muzuri, mapaja. Nilikula. Mu memware yangu niliandika ukurasa mzuri juu ya "adhabu za kimila na ulinzi wa mayi", profesa akaweka alama mbele. Juu ya mbuzi ya mjane sikuandika.

Sasa munaelewa juu ya nini nilipoona Mama Efe anapokea sadaka, nilitia filme ku poze.

Rita Edochie anamucheza vizuri kabisa. Hamucheze sawa mchawi, hamucheze sawa mwizi. Anamucheza sawa mama mwenye alichoka, mwenye aliitika kazi kabla ya kujua uzito wake, na sasa hawezi tena kusema "hii hapana yangu". Pale njo iko kosa lake, na Obasi analiona. Mama Efe hakuwa mubaya juu alipokea. Alikuwa mubaya siku alikosa kusema mpaka wa nguvu yake. Mama Mukubwa wa Luapula alijua mpaka ule wakati kolera ilifika, na wiki tatu mbele akausahau juu ya mbuzi. Wote wawili wanawake wa kweli. Sinema mingi ya kwetu inatupatia mganga ao mutakatifu ao shetani, mutu mwenye unajua tangu dakika ya kwanza kama utamupenda. Mama Efe nilimupenda, kisha nikamukasirikia, kisha nikamuhurumia, mu saa moja.

Lakini Jabi, hapana. Hapa filme inanikwaza. Jabi anauliza maswali yenye mimi ningeuliza. Lopitali. Masomo. Kuranti. Maswali mazuri, yote. Kisha Obasi anamufungia ku Jasper, bunduki zinaingia, na tunaanza kuogopa kinywa chenye kiliuliza. Mwisho yake mtazamaji anarudi nyumbani na wazo hili: mwenye anauliza lopitali anatafuta kiti. Najua, Prisca pia anauliza, na Prisca ni moyo wa filme (Evelyne Ily Juhen anaangalia tu, na maneno mia yanapita mu macho yake). Lakini Prisca anauliza chini, mu nyumba, kwa mama yake. Mu kiwanja, mbele ya watu, ni Jabi njo anaongea. Ningetaka kuona mutu mmoja, mmoja tu, mwanamke ao mwanaume, anasimama mchana na kusema: tunamuheshimu Mami Wata na tunataka chanjo ya batoto, na anabakia pale bila kuokota bunduki. Watu wa vile wako. Ule baba mwenye alikimbia na kuku kwa Mama Mukubwa, na saa moja mbele akapanda kinga na mtoto mu mugongo, alikuwa mmoja.

Mutaniambia: wewe mutu wa Kongo, unashangaa nini? Kwetu pia waliingia wenye kusema maendeleo na bunduki mu bega. Ni kweli, na njo sababu Jasper anaogopesha sana. Emeka Amakeze anamucheza taratibu, na sauti ya chini, na ile adabu ya mutu mwenye anakula kwako huku anahesabu vyumba. Nilipomuona mara ya kwanza, amelala ku muchanga na mayi inamulamba miguu, hata mimi nilimuhurumia. Filme inatutega sawa vile kijiji kimetegwa. Pale nasema Obasi alifanya kazi. Neno langu na yeye ni juu ya Jabi tu, juu aliwapa wajinga swali la wenye akili.

Juu ya Zinwe na Prisca, kuko mengi ya kusema, lakini nitasema moja. Mwanzoni, mwenye imani ni Zinwe, mwenye mashaka ni Prisca. Kifo cha mtoto kinavuruga ile mpango. Uzoamaka Aniunoh anamuonyesha Zinwe sawa mutu mwenye alilipa deni miaka yote na leo anagundua kama hakuna daftari yenye iliandika. Mwenye aliamini njo anaumia zaidi. Mwenye alikuwa na mashaka njo anabakia kushikilia nyumba. Nimeona ile kitu mu jamaa za watu, ku kilio: ule mwenye haendaki ku misa njo anatafuta sanduku, anapika, anapokea wageni, na mwenye aliomba kila siku amelala chini hataki kuona mutu.

Na mungu mwenyewe? Muda mrefu wa filme, Mami Wata ni mayi tu. Mayi inapiga, mayi inanyamaza. Obasi anafanya vizuri kutomuonyesha haraka. Mamba muntu wa nkambo alikuwa anaonekana wote: kitana, saa, matiti, nyoka, hakukubakia kitu cha kufikiri, tu kuogopa. Wa Iyi unamutafuta nyuma ya kila wimbi, na kila mutu wa kijiji anamutia sauti yenye anataka: Mama Efe anamusikia anaomba subira, Jabi anasema hakuna mutu mule, Jasper anaona kiti yenye haina mwenye kuikalia.

Mara ya tatu niliangalia na nkambo mwanamke, mjane wa ule wa tablo. Ako na miaka themanini na kitu. Kifaransa hasome, pijini hasikie, nikawa namutafsiria pole pole. Tablo yenyewe iliuzishwa zamani na mjomba moja, na ku ukuta pamebakia alama ya mraba, nyeupe kupita fasi zingine. Aliangalia kimya. Bunduki zilipopigwa hakuruka. Jasper alipoingia mu nyumba alisema tu, "Huyu, hapana." Nilifikiri ataniuliza juu ya mungu, ao juu ya mamba muntu, ao kama ni kweli. Karibu na katikati alinishika mukono.

"Ule mtoto mwenye alikufa," akasema, "mama yake alienda wapi?"

Nikamwambia: ngojea, nkambo, hadisi imeenda kwingine sasa.

"Hapana," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha mpaka mwanzo.